Apande au Abaki

Jumamosi, 7 Machi

Kiongozi wetu ametuagiza kila mwigizaji anunue daftari, na kila baada ya mchezo aandike watazamaji walisema nini, kabla hajaanza kuyatia chumvi. Basi mimi hapa. Sijaandika kitu kirefu tangu niache shule, kwa hiyo mwenye kusoma avumilie mwandiko.

Tumefungua! Mtoto wangu Tonge amelala mapajani, mkono mmoja unamshika, mwingine unaandika.

Tunachezea kwenye karakana ya seremala. Msimu wa mvua mbao zake hazikauki na wateja wanapungua, basi Jumamosi na Jumapili alasiri anasukuma meza ukutani na kutuachia nafasi. Watu wanakaa kwenye mabenchi mawili marefu, moja kulia, moja kushoto, njia katikati, miguu kwenye maranda. Lori letu ni mbao tupu alizozigonga mwenyewe, ila usukani ni wa kweli, ameuokota gereji.

Mimi nilikuja kushona koti la dereva tu. Yule dada aliyekuwa awe dereva akapata kazi mbali. Kiongozi, ambaye siku za kazi ni karani wa posta, mwembamba kama sindano zangu, akaniona nagombana na uzi. Akasema, "Dada, hebu gombana hivyo hivyo na huyu kinyozi." Nikagombana. Ndiyo hivyo, nikawa dereva.

Mchezo wenyewe ni huu. Dereva wa lori, mwanamke wa kelele na safari, anapendana na fundi saa, mtu kimya ambaye hajawahi kuvuka barabara kuu. Anayemwigiza fundi saa ni huyo Kinyozi. Hakuna wanachopatana. Mwisho mimi niko kwenye usukani, injini inanguruma (seremala na msumeno wake nyuma ya pazia), yeye yuko chini na kisanduku chake cha vifaa, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Taa zinazimika. Basi. Hatusemi kama alipanda au alibaki.

Halafu kuna jambo letu la hapa. Mchezo ukiisha watu hawaondoki. Waigizaji tunasimama mbele tumeshikana mikono, watazamaji wanasema wanalotaka, na sisi hatujibu hata neno moja. Hata ukitukanwa. Hata ukisifiwa. Kiongozi anasema mwigizaji akianza kujieleza, watu wanaacha kusema ya moyoni.

Leo aliyenyanyuka wa kwanza ni mzee mmoja mwenye mwavuli. "Mmetufanya watoto! Kapanda au hakupanda?"

Mama mmoja, mkunga, akamrukia. "Hukuona mguu? Mguu uko kwenye ngazi. Kapanda huyo!"

"Mguu mmoja si safari, mama. Mimi nimewahi kuweka mguu mmoja kwenye mambo mengi sana."

Karakana ikaangua kicheko. Nami nimesimama pale kama nguzo, midomo nimeibana, nataka kupasuka.

Jumapili, 8 Machi

Leo Mkunga kaja na wenzake wa kazini, wakajaza benchi la kulia. Mzee wa Mwavuli kaja na majirani, wakajaza la kushoto. Mlangoni watu wakaanza kuulizana, "Wewe Apande au Abaki?" Katikati ya mchezo, Kinyozi aliposema, "Hapa najua kila mlango unavyolia," bwana mmoja mnene akainuka kwa Apande, akavuka njia, akajibana kwa Abaki. Nikasahau neno langu kwa kumtazama!

Mama mkwe wangu hukaa nyuma kabisa, juu ya rundo la mbao, Tonge mapajani. Nikamuuliza tukirudi nyumbani yeye yuko upande gani.

"Apande," akasema. "Mwanamume anayengoja kuambiwa mara mbili hafai."

Jumatano, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Tonge kaionea ajabu, kailamba dirishani.

Alhamisi, 12 Machi

Baba Tonge kapiga simu. Yeye ni fundi wa mitambo kwenye ujenzi wa barabara, mbali huko, na kambi yao inahama kila barabara inapokwenda. Mvua zikikolea huko kazi husimama, ndipo huja nyumbani. Jua likiwaka anaondoka. Maisha yetu ya ndoa ni ya masika tu.

"Mtoto?"

"Mzima. Kaota jino."

"Mama?"

"Mzima."

"Wewe?"

"Mzima. Niko na lile kundi la maigizo."

"Uliniambia. Nguo zinakwenda?"

Nilitaka kumwambia nguo zinakwenda na mimi nimo ndani yake, mtandao ukakatika. Ni mtu wa maneno machache baba Tonge. Wakati mwingine nahisi nimeolewa na simu.

Jumamosi, 14 Machi

Wachumba wawili walioingia wameshikana mikono wakatoka kila mmoja na njia yake, dada anasema, "Ndiyo maana hutaki kuja kwetu!" Kiongozi akafurahi kama aliyepewa zawadi. Mimi nikakosa raha mpaka nyumbani.

Jumapili, 15 Machi

Wale wachumba wamerudi! Dada Apande, kijana Abaki, wanarushiana maganda ya karanga kuvuka njia, wanacheka. Nikapumua.

Jumamosi, 21 Machi

Acha niandike polepole, lisinipotee hata moja.

Mvua ilishuka mara tu nilipopanda lori. Si manyunyu, ile ya kumwaga kwa ndoo. Karakana ni bati juu na bati ubavuni, hakuna dari. Nikafungua kinywa kusema, "Fundi, saa yangu imesimama, na mimi sijui kusimama," sikujisikia hata mwenyewe. Kinyozi akanijibu, nikaona midomo inacheza tu. Nikamtazama Kiongozi pembeni ya pazia. Akanyoosha mikono: endeleeni, tutafanyaje.

Tukaendelea, bubu na bubu. Nikacheka kwa mabega, nikagomba kwa viwiko. Halafu chini ya kelele ya bati nikasikia kitu. Mkunga alikuwa amesimama, viganja mdomoni, anapaza maneno yangu! Yangu yenyewe, moja baada ya jingine. Ameshatuona mara zote, ameyashika. Na ng'ambo ya njia Mzee wa Mwavuli akaanza kujibu ya fundi saa, kwa sauti ile nzito kama ya kikohozi. Abaki mzima mzima, lakini maneno ya mapenzi aliyatoa kama aliyeyabeba kifuani tangu ujana. Wenzao wakapokea. Benchi la kulia likawa mimi, la kushoto likawa Kinyozi. Sisi wawili tunachezesha vinywa tu, wanaopendana ni wao.

Tukafika pale dereva anapouliza, "Nikiondoka utanikumbuka kwa kipi?" Mkunga akauliza, kamkazia macho Mzee wa Mwavuli. Mzee akamjibu, "Kwa kelele." Ndivyo mchezo unavyosema, hakuongeza kitu. Lakini Mkunga akaona haya, akaketi, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Na hapo hapo mvua ikakatika, karakana nzima ikajikuta inapiga makelele kwenye ukimya. Tukacheka wote. Seremala, aliyekuwa ameshika taa, akaiachia kwa kicheko, ikamulika ukuta.

Baadaye hakuna aliyebishana. Mtu mmoja tu alisema, "Kesho inyeshe tena."

Jumatatu, 23 Machi

Amekuja! Sina muda wa kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Jana baba Tonge alifika nyumbani na shavu moja limenyolewa vizuri, la pili kama shamba lililoachwa. Nikadhani ni mambo ya safari. Leo mazoezini nimeyajua yote. Kinyozi bado alikuwa na jasho.

"Dada, mteja kakaa, nimempaka sabuni, nikaanza hadithi zangu. Nikamwambia, kaka, Jumamosi njoo karakana, mimi ni mwigizaji, nina mpenzi dereva wa lori, akinishika mkono nasahau hata jina la mama yangu. Akauliza, ni nani huyo? Nikasema, ni mama Tonge, mkwe wa yule fundi cherehani. Akanitazama kwenye kioo. Halafu akasema, 'Ni mke wangu.'"

"Wewe ukasemaje?"

"Nisemeje? Wembe uko kooni kwake, lakini anayekufa ni mimi! Mkono ukakataa kabisa. Nikamwambia basi, shemeji, upande mmoja ni bure."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye maranda. Halafu nikaacha kucheka. Jana mchana kutwa na leo, baba Tonge hajaniambia chochote.

Jioni nikamtengea chakula, nikasema, "Ulipita kwa kinyozi."

"Nilipita."

"Akakwambia."

"Akaniambia."

"Basi?"

Akamlisha Tonge kijiko, akamfuta kidevu. "Basi nitakuja kutazama."

Jumatano, 25 Machi

Leo kanipa habari aliyokuwa ameificha mfukoni tangu alipofika. Ufunguo! Ufunguo wa kweli, wa nyumba. Kampuni inajenga yadi ya kudumu ya mitambo, yeye ndiye msimamizi wake, hatahama tena, hata mvua zikinyesha kazi ya matengenezo ipo. "Vyumba viwili," akasema. "Bomba liko mlangoni. Mvua zikiisha tunahamia. Wewe, mimi, mtoto. Mama akitaka, na mama."

Nililia. Nimeililia nyumba hii tangu arusi. Baba na mtoto chini ya paa moja, jua na mvua. Nikamkumbatia, nikaukumbatia na ufunguo.

Halafu nilipokuwa naosha vyombo nikamkumbuka dereva. Msimu ujao atakuwa nani ndani ya koti langu? Nikajisemea, mama Tonge, umepewa nyumba, unalilia koti? Nikaosha sufuria ileile mara mbili.

Jumamosi, 28 Machi

Kaja. Mlangoni wakamuuliza, Apande au Abaki, akasema, "Mimi nakaa karibu na mlango." Upande wa mlango ni Abaki. Kwenye mabenchi hakuna aliyemjua. Kinyozi alimwona, akanishika mkono kwa vidole viwili, kama anayebeba panya. Kiongozi akamnong'oneza kwa ukali nyuma ya pazia, "Wewe ni mpenzi wake, si daktari wake!"

Mchezo ukaisha, tukasimama. Ikaja zamu ya maneno. Na mume wangu, mtu ambaye kwenye arusi yetu alishukuru wageni kwa neno moja, akanyoosha mkono.

"Abaki," akasema. "Barabara haina mtu. Ukiumwa, jirani yako ni katapila. Huyu fundi saa, hapa mtaani, watu wanamsalimia kwa jina. Kule atakuwa mzigo juu ya mizigo."

Benchi la kushoto likapiga makofi. Mzee wa Mwavuli akamsogelea, akampa mkono. Nami nimesimama pale, siruhusiwi hata kutabasamu, najivunia utadhani nimemzaa mimi. Sikujua ana hayo yote ndani. Kumbe alikuwa na maneno, hakuwa na benchi tu.

Jumapili, 29 Machi

Kaja tena. Kamletea Mzee wa Mwavuli kahawa kwenye chupa. Wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na bado hajamwambia mimi ni nani wake.

Jumanne, 31 Machi

Baba Tonge ananishikia maneno ya mazoezi. Anayasoma ya fundi saa kama mtu anayesoma vibao vya barabarani: "Nakupenda. Punguza mwendo." Mama mkwe akaacha cherehani, akajishika mbavu. "Mwanangu, hata baba yako alikuwa na afadhali, na yule alinitolea posa kwa kukohoa!"

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua kutwa. Tumekaa ndani sote. Nimegundua anaimba akifikiri hasikiki. Na anaogopa radi! Mtu wa mitambo mikubwa hivyo. Anajifanya anakwenda kumtazama mtoto.

Jumamosi, 4 Aprili

Karakana imejaa hadi watu wamekaa juu ya mbao pamoja na mama mkwe. Dada mmoja amelia pale fundi saa anapompa dereva saa aliyoitengeneza mwenyewe. Wa Abaki wakamwambia analia bure, wa Apande wakamwambia alie tu, ana haki.

Jumatano, 8 Aprili

Ufunguo umetundikwa msumarini juu ya kitanda. Mama mkwe kasema yeye hahami, wateja wake wako hapa, lakini sisi twende na baraka zake. Sijasema kitu. Baba Tonge anadhani nimenyamaza kwa furaha.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo. Leo sijui nianzie wapi.

Mchezo ulikwenda vizuri, Kinyozi amerudisha mkono wake wote. Tukasimama. Mzee wa Mwavuli akamwita baba Tonge kwa heshima zote, "Bwana wa barabara, tuambie." Baba Tonge akainuka, sasa amezoea.

"Mimi naendelea kusema abaki. Mtu ana kazi anayoijua, ana watu wanaomngoja. Unamng'oa kwa sababu gani? Kwa sababu wewe unajisikia mpweke kwenye lori lako? Huo ni uchoyo."

Makofi. Na hapo nyuma, kutoka kwenye rundo la mbao, ikatoka sauti ninayoijua.

"Wewe keti chini! Dereva mwenyewe ni mkeo!"

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mama mkwe kasimama, Tonge begani.

"Mama..." akasema baba Tonge.

"Mama nini? Wiki ya tatu unahutubia watu kama mgeni, nami nimebeba mwanao hapa nyuma mgongo unauma!"

Jamani, kelele zilizofuata! Watu wakainuka, wengine wanamtazama yeye, wengine mimi, wengine Kinyozi, na Kinyozi akarudi kwenye vidole viwili. Mzee wa Mwavuli akasema, "Bwana wa barabara, na kahawa yote ile hukuniambia?"

Mkunga ndiye aliyewatuliza. Akauliza kwa upole tu, kama anayeuliza mgonjwa anaumwa wapi. "Baba, basi na huyu mkeo, wewe ukirudi barabarani, yeye atakaa wapi?"

"Nahamia naye. Nimepewa nyumba."

"Aaah," ikasema karakana nzima.

"Kwa hiyo fundi saa abaki," akasema Mkunga, "ila mkeo apande."

Hakuna aliyecheka. Baba Tonge akaketi kama gurudumu lililotoboka. Na mimi, Mungu wangu, hata mimi sikuwa nimeliona hilo! Wiki zote hizi nimemsikiliza akimtetea fundi saa, nimejivunia, na sikuona kwamba aliyekuwa akitetewa ni mimi. Watu wote wakanigeukia. Wakangoja. Sheria ni kunyamaza, nikanyamaza, lakini machozi hayana sheria, yakashuka yenyewe mbele ya watu.

Jumatatu, 13 Aprili

Jana hakukuwa na mchezo, seremala alikuwa na msiba kwao. Leo asubuhi baba Tonge alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango. Nikamshikia bisibisi. Ni rahisi kusema naye mikono yake ikiwa na kazi.

"Wewe unataka nini?" akauliza, macho kwenye bawaba.

"Nataka nyumba ile. Nataka Tonge akuone asubuhi na jioni, si kwenye simu. Usifikiri siitaki."

"Basi?"

"Basi na karakana naitaka. Pale juu mimi si mke wa mtu aliye mbali. Watu wanangoja niseme. Sijawahi kungojwa niseme, baba Tonge, tangu nizaliwe."

Akageuza skrubu. "Huwezi kuwa mahali pawili."

"Kwa wakati mmoja siwezi. Jua likiwaka karakana ni ya mbao, hakuna mchezo. Nitapanda, nitakaa nawe kule. Mvua zikija nitashuka, nije nicheze kwa mama, ziishe nirudi."

"Na mimi mvua zikija ndio nakuwa na nafasi. Kazi inapungua. Ndiyo miezi yetu hiyo."

"Najua."

"Zamani mvua ndiyo ilikuwa inatukutanisha. Sasa unataka itutenganishe."

Ni kweli. Nikasema tena kwa sauti ndogo, "Nitapanda, na nitashuka." Akamaliza bawaba. Mlango haulii tena. Akachukua koti akatoka.

Jumanne, 14 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 16 Aprili

Kimya. Lakini jioni kamshonesha mama yake kifungo cha koti la dereva kilicholegea, bila kuniambia. Nikiuliza maana yake nitaharibu. Siulizi.

Jumamosi, 18 Aprili

Hakuja. Mkunga akauliza kwa sauti mchezo ulipoisha, "Dereva, mumeo yuko wapi leo?" Karakana yote ikanigeukia. Sijibu, siruhusiwi, na ningeruhusiwa nisingejua. Mzee wa Mwavuli akaweka mwavuli wake pale baba Tonge anapokaaga, mtu asiketi.

Jumapili, 19 Aprili

Hakuja. Anatembea tu. Kinyozi anasema alipita dukani kwake, akanyolewa mashavu yote mawili, asiseme neno, akaacha bakshishi. "Shemeji, sijui kama nimesamehewa au nimeagwa."

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua zimepungua. Seremala ameanza kugusa mbao zake na kuzinusa. Jumapili ndiyo ya mwisho.

Jumapili, 26 Aprili

Nilikuwa nimejiambia nisitazame upande wa mlango. Nikatazama. Benchi la kushoto limejaa, hayupo. Nikavaa koti, nikapanda lori, nikasema maneno yangu. Nilicheza kama mtu anayejua kesho hana pa kuyasemea. Kinyozi alinishika mkono wote, wa kweli, hata akanibana, kama kaka.

Pale karibu na mwisho mlango ukasukumwa. Baba Tonge. Ana kopo kubwa la rangi, tupu. Akapita mbele ya Abaki, wakamsogezea nafasi, hakukaa. Akapita mbele ya Apande, hakukaa. Akaenda nyuma akamchukua Tonge kwa mama yake, akarudi, akaligeuza kopo juu chini katikati ya njia, akaketi juu yake na mtoto mapajani.

"Bwana wa barabara, unaziba njia," akanong'ona Mzee wa Mwavuli, kwa nong'ono la kusikika mtaa wa pili.

Injini ikanguruma, mguu ukapanda ngazi, taa zikazimika. Zilipowaka tukasimama tumeshikana mikono. Watu hawakutaka kusema. Wote walikuwa wanalitazama kopo.

Akainuka.

"Nina la kusema. Mimi nilisema abaki kwa sababu barabara naijua. Nimeona mtu akiondoka alikozoeleka, akafika pasipo mtu wake hata mmoja, akazimika. Anakula, analala, lakini amezimika. Sikutaka fundi saa azimike." Akamhamisha Tonge mkono wa pili. "Sikufikiri kuna mwingine. Nilifikiri wangu anangoja tu. Nilifikiri nikimpa nyumba nimempa kila kitu. Nikaja hapa nikamwona anawaka, nikasema maigizo haya mazuri, kumbe si maigizo."

"Kwa hiyo uko upande gani?" akauliza Mkunga.

"Apande," akasema. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na mvua zikija, ashuke."

Karakana ikachanganyikiwa. "Hilo halimo kwenye mchezo!" akalia bwana yule mnene.

"Halimo," akasema baba Tonge. "Ndiyo maana nimekuja na kiti changu."

"Na hizo mvua wewe utakuwa wapi?" Mkunga hamwachi mtu.

"Kambini. Nitaumia kidogo. Halafu nitaomba ruhusa, nitakuja nikae hapa."

"Kwenye kopo?"

"Kwenye kopo."

Mama mkwe akasikika nyuma, "Mimi nilimzaa huyu, sijawahi kumsikia akitoa maneno yote hayo kwa siku moja. Sijui kama yamebaki ya mwakani!"

Kicheko kikapasua bati. Na katikati ya kicheko Mzee wa Mwavuli akainuka, akachukua mwavuli wake, akamtazama Mkunga, akaingia katikati ya njia na kusimama kando ya kopo. Mkunga akasema, "Wewe pia?" akakusanya mkoba wake, akamfuata. Wakaja wale wachumba wawili, akaja bwana mnene, mpaka njia ikawa haina njia.

Na mimi? Sheria ni kunyamaza. Nilinyamaza. Nilikuwa na mengi ya kusema, ya kutosha msimu mwingine, nikayaminya yote kwenye mkono niliokuwa nimeushika.

"Aiii!" akapiga kelele Kinyozi. "Shemeji, mwambie aniachie, mkono huu ndio unaoshika wembe!"

Kwa hiyo aliyevunja sheria ni Kinyozi, iandikwe hivyo.

Jumatatu, 27 Aprili

Jua. Jua la kweli. Nimefua kila kitu, nguo za baba Tonge, zangu, za mtoto, na koti la dereva. Kamba haikutosha. Akatoka na nyundo bila kuambiwa, akafunga ya pili.